Bears na Kotabeki Aliyeangushwa Mara 68: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Msimu wa 2024 ulikuwa hauniachii nafasi ya kupumzika Jumapili. Ndugu walioko nyumbani, majirani Wakongo tunaoishi nao hapa kaskazini mwa Chicago, hata watu ambao mchezo huu wa futiboli ya Kimarekani hawaujui kichwa wala miguu, wote waliuliza swali lilelile kwa maneno tofauti: huyu kijana mbona kila saa yuko chini? Kijana mwenyewe ni Caleb Williams, kotabeki chipukizi wa Chicago Bears, aliyeangushwa mara 68 msimu huo. Nimechoka kujibu mmoja mmoja. Majibu nimeyaweka hapa. Msitegemee kwamba sina upande. Mimi ni shabiki wa Bears, timu ya ligi ya NFL, na hasira zangu nimeziacha humuhumu.

Kotabeki ni nani, na "kuangushwa" ni nini hasa?

Timu inayoshambulia hupewa majaribio manne ya kusogea yadi kumi. Kila jaribio huanza na mtu wa katikati, senta, anayeupitisha mpira katikati ya miguu yake kumpa kotabeki aliye nyuma yake. Kuanzia hapo kotabeki ana sekunde mbili na nusu, tatu akibahatika, kuamua: arushe, ampe mkimbiaji, au akimbie mwenyewe. Mbele yake wanasimama watu watano wazito, wa kilo 140 hivi, senta akiwa mmoja wao; ukimtoa yeye, mpira hawaugusi. Kazi yao ni kuwazuia wapinzani wasimfikie. Hao ndio nitakaowaita ukuta. Msiwachanganye na mabeki wa ulinzi. Ukuta ni sehemu ya ushambuliaji, na ukianguka hakuna mashambulizi.

Kotabeki akikamatwa na kulazwa chini kabla hajaurusha mpira, nyuma ya pale mchezo ulipoanzia, hiyo ndiyo kuangushwa. Timu inapoteza jaribio, inapoteza na yadi ilizokuwa nazo. Kijana naye anaamka na maumivu ambayo hayaandikwi kwenye takwimu.

Kwani mara 68 ni nyingi kiasi hicho?

Msimu una mechi 17. Gawanya: nne kamili kila mechi. Katika historia yote ya ligi ni misimu miwili tu iliyopita idadi hiyo: David Carr wa Houston Texans aliangushwa mara 76 mwaka 2002, na Randall Cunningham wa Philadelphia Eagles mara 72 mwaka 1986. Carr huyohuyo alipata tena 68 mwaka 2005, maskini.

Na msidhani kwamba katikati ya kuangushwa huko timu ilikuwa inatamba. Kwa yadi zilizopatikana, ushambuliaji wa Bears ulikuwa wa mwisho kati ya timu 32.

Si tuliambiwa timu hii imeshajengwa, anasubiriwa kotabeki tu?

Tuliambiwa, na mimi niliamini. Kila mwaka timu huchagua kwa zamu chipukizi kutoka vyuoni, iliyofanya vibaya zaidi ikianza. Machi 2023 Bears waliwauzia Carolina Panthers nafasi ya kwanza ya kuchagua. Wakalipwa mshambuliaji DJ Moore na mafungu ya nafasi, mojawapo ikiwa ile ya raundi ya kwanza ya 2024. Carolina wakaboronga msimu mzima, na nafasi hiyo ikageuka kuwa namba moja. Aprili 2024 wakamchukua Caleb Williams wa chuo cha USC, mshindi wa Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo, ya 2022. Mkataba wa miaka minne, karibu dola milioni 39.5.

Wakamwongezea Keenan Allen kutoka Chargers, mpokeaji pasi mkongwe. Wakamsajili mkimbiaji D'Andre Swift. Kwa nafasi ya tisa wakamchagua Rome Odunze, mpokeaji mwingine. Kwa macho ya Agosti, kijana alikuwa amekaribishwa kwenye nyumba iliyopambwa kila kona.

Tatizo, walinunua mapazia kabla ya kusimamisha ukuta. Pale kwenye watu watano wa mbele waliweka viraka: senta wa mkataba wa mwaka mmoja, mtu wa akiba wa bei ya chini, mwingine waliyemtoa Buffalo ambaye majeraha hayakumpa nafasi. Chipukizi wa raundi ya tatu waliyemchukua kwa ajili ya ukuta alifika akiwa bado anauguza jeraha. Na Odunze alipochaguliwa wa tisa, Olu Fashanu, mtu wa ukuta aliyekuwa akisifiwa na kila mchambuzi, alikuwa bado yuko mezani. Jets walimchukua kwa nafasi ya 11.

Sisemi Odunze hajui mpira. Anaujua. Nasema mtu mwenye mikono mizuri umbali wa yadi 30 hana faida kama anayerusha keshalazwa.

Mambo yalianza kuharibika lini?

Jibu la mkato: Oktoba 27, dakika ya mwisho kabisa. Jibu la kweli: mapema zaidi, ila ushindi ulikuwa unatuziba macho.

Mechi ya kwanza, Septemba 8, Bears waliwafunga Tennessee Titans 24–17 bila ushambuliaji kupata tachidauni (kuufikisha mpira ndani ya eneo la goli la wapinzani) hata moja. Ulinzi na kikosi cha mipira ya mateke ndio walioleta pointi. Watu wakashangilia, ushindi ni ushindi. Wiki iliyofuata, Houston, Williams akaangushwa mara saba, tukapoteza 19–13. Wiki ya tatu kule Indianapolis, jaribio la nne, mpira uko mlangoni kabisa mwa goli, kocha wa ushambuliaji Shane Waldron akaagiza mpira utolewe pembeni badala ya kuusukuma mbele. Swift akapigwa chini yadi 12 nyuma. Hapo ndipo nilipoweka bakuli la bisi chini.

Kisha ukaja utulivu. Walishinda mechi tatu mfululizo, ya tatu ikiwa London, Oktoba 13, kwenye uwanja wa Tottenham, 35–16 dhidi ya Jacksonville Jaguars. Williams alirusha pasi nne za tachidauni. Rekodi ikawa ushindi nne, vipigo viwili, na mjini hapa watu walianza kutembea vifua mbele.

Ndipo ikaja Washington. Robo ya mwisho, mpira uko yadi moja kutoka mstari wa goli, Waldron anaagiza mpira apewe mtu wa ukuta wa akiba, Doug Kramer. Mtu ambaye maisha yake yote anasukuma watu, leo anaambiwa ashike mpira. Ukadondoka. Hata hivyo Bears walipata uongozi zikiwa zimebaki sekunde chache, halafu Jayden Daniels, kotabeki mwingine chipukizi, akautupa mpira juu kwa matumaini tu, ukaguswa hewani na kumwangukia Noah Brown. 18–15. Beki wetu Tyrique Stevenson alikuwa amegeukia jukwaani akiwakejeli mashabiki wa Washington wakati mchezo unaanza.

Kuanzia mechi hiyo walipoteza mechi kumi mfululizo. Kumi.

Mechi ya Patriots ilikuwaje? Kila mtu anaitaja.

Novemba 10, Soldier Field, nyumbani. Patriots wenyewe walikuwa hoi msimu huo. Watu wa ukuta wa pembeni, kushoto na kulia, walikuwa majeruhi, kwa hiyo walisimama wa akiba. Williams aliangushwa mara tisa. Mechi nzima tulipata yadi 142, na pointi tatu. 19–3. Uwanja mzima ulizomea, na siku mbili baadaye Waldron alifungashiwa virago.

Sasa kosa ni la ukuta, la kocha au la kijana mwenyewe?

Hapa ndipo marafiki wanapogombana, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Ukuta kwanza. Kuna kuangushwa ambako hata mtoto anaona: mtu wa ukuta anapigwa chenga ya bega, mpinzani anapita wazi, kotabeki hajamaliza hata kurudi hatua zake. Hiyo ni ya ukuta, haina mjadala. Na ukuta ukibadilishwa kila wiki kwa sababu ya majeraha, shida si wepesi wa miguu peke yake. Wapinzani hupenda kupishana: wa ndani anakimbilia nje, wa nje anaingia ndani. Watu wawili wa ukuta waliozoeana hukabidhiana bila kusemezana. Waliokutana Jumatano hugongana wenyewe kwa wenyewe huku mpinzani akipita katikati.

Kocha. Ukijua ukuta wako ni dhaifu, unaweza kuuficha. Unaagiza pasi fupi zinazotoka haraka. Unamwacha mkimbiaji abaki nyuma kusaidia kuzuia. Unamsogeza kotabeki pembeni ili anayemkimbiza alazimike kubadili njia. Unakimbiza mpira ili ulinzi wa wapinzani usijue kila jaribio ni pasi. Waldron alifanya haya kwa vipindi, leo yapo, kesho hayapo. Mara nyingi wapokeaji wote walitumwa mbali, njia ndefu zinazohitaji sekunde nne, nyuma ya ukuta unaostahimili mbili. Hesabu hiyo haihitaji shahada.

Halafu kijana. Najua mnampenda, nami nampenda. Lakini Williams alipokuwa chuoni alizoea kushika mpira kwa muda, kuzunguka nyuma, kumkwepa wa kwanza na wa pili, kisha kurusha kitu cha ajabu. Kule chuoni alikuwa ana kasi kuliko wengi waliomkimbiza. Kwenye ligi hii mtu wa kilo 120 anakimbia kama mbuni. Zilikuwepo nyakati nyingi ambapo mkimbiaji alisimama peke yake yadi tano mbele, mikono juu, na Williams akamruka akitafuta pasi ya yadi 40. Akaangushwa. Hiyo si ya ukuta. Kuutupa mpira nje ya uwanja na kuanza upya nako ni ustadi, na mwaka huo alikuwa bado anajifunza.

Wanaosema hakufanya lolote nao wanakosea: yadi 3,541 za pasi, tachidauni 20, na pasi sita tu zilizonaswa na wapinzani. Kotabeki chipukizi anayekimbizwa kiasi kile kwa kawaida hutupa ovyo. Yeye hakutupa ovyo. Alipenda kulala na mpira wake.

Mimi nikigawa lawama, sehemu kubwa naipeleka ofisini. Kijana anayependa kushika mpira alijulikana kabla hajachaguliwa. Kocha anayependa njia ndefu aliajiriwa Januari, kwa hiari. Ukuta wa viraka waliupanga wenyewe. Kila jambo peke yake lingevumilika. Aliyeyaweka matatu pamoja ni meneja mkuu, Ryan Poles.

Kwa nini hawakumweka benchi apone kwanza?

Kwa sababu benchini hajifunzi kasi ya mchezo, na kwa sababu namba moja hawekwi benchi kirahisi. Alicheza mechi zote 17. Wengine tulikuwa tunasali.

Nimesikia mashabiki wa Chicago wana uchungu wa miaka. Si mnakuza mambo?

Hesabu nasi. Oktoba 3, 2010, dhidi ya New York Giants, Jay Cutler aliangushwa mara tisa katika nusu ya kwanza pekee, akatoka na mtikisiko wa ubongo. Septemba 26, 2021, kule Cleveland, Justin Fields alianza mechi yake ya kwanza kabisa na kuangushwa mara tisa. Timu nzima iliondoka na yadi 47. Novemba 10, 2024, Williams, mara tisa. Makocha watatu tofauti, mameneja watatu tofauti, namba ileile. Fields aliishia kuuzwa Pittsburgh kwa nafasi ya raundi ya sita yenye masharti, bei ya mtumba wa mwisho wa siku.

Hii ni klabu iliyoanzishwa 1920, na hadi mwisho wa msimu wa 2024 haikuwahi kuwa na kotabeki aliyefikisha yadi 4,000 za pasi kwa msimu. Rekodi ilikuwa ya Erik Kramer, yadi 3,838, mwaka 1995. Mwaka 2017 walipanda hadi nafasi ya pili kumchukua Mitchell Trubisky. Patrick Mahomes alichaguliwa wa kumi. Mzee anayekaa mbele yangu kwenye baa ya mtaani kwetu hulitaja jina la Mahomes kama watu wanavyotaja kiwanja walichokataa kununua Kigamboni.

Kwa hiyo mtu akizomea, si mechi moja anayoizomea.

Kumfukuza kocha katikati ya msimu kulisaidia?

Kidogo, kisha hapana. Thomas Brown alipochukua nafasi ya Waldron, mpira ulianza kutoka haraka mikononi mwa Williams, na mechi tatu zilizofuata ziliamuliwa mwishoni kabisa. Green Bay Packers waliuzuia mpira wetu wa teke wakashinda 20–19. Siku ya Shukrani, Novemba 28, kule Detroit, Bears walitoka nyuma 16–0 hadi 23–20, wako karibu kusawazisha. Williams akaangushwa zikiwa zimebaki sekunde zaidi ya 30. Kocha mkuu Matt Eberflus alikuwa na haki moja ya kusimamisha saa. Hakuitumia. Saa ikakimbia, mpira ukaanzishwa zikiwa zimebaki sita, pasi ikaenda chini. Kwisha.

Kesho yake Eberflus alifukuzwa. Ninyi mliozoea ligi ambako kocha hudumu miezi mitatu mtacheka, lakini katika miaka zaidi ya mia Bears hawakuwahi kumfukuza kocha mkuu msimu ukiwa unaendelea. Brown, aliyeanza Novemba kama msaidizi, alijikuta kocha mkuu wa muda kabla mwezi haujaisha. Pasi za haraka zikapotea. San Francisco wakatupiga 38–13, Minnesota 30–12.

Kijana anaweza kuharibika moja kwa moja?

Anaweza. Carr wa Houston ndiye mfano tunaotishana nao. Texans walikuwa timu mpya 2002. Walimchukua Tony Boselli, mtu wa ukuta mahiri, lakini bega lake halikumruhusu kuwachezea hata mechi moja. Carr akabaki anakimbia miaka mitano, akaachwa 2007, na hakurudi tena kuwa kotabeki wa kutegemewa. Baada ya muda anayepigwa sana huacha kuangalia wapokeaji wake, huangalia wanaomkujia. Makocha husema macho yameshuka.

Ila mfano wa pili upo. Joe Burrow, kotabeki wa Cincinnati, alichanika kano za goti mwaka wake wa kwanza, 2020. Mwaka uliofuata timu ilipata nafasi ya tano ya kuchagua. Mashabiki wakapiga kelele achukuliwe Penei Sewell wa ukuta, wao wakamchukua mpokeaji Ja'Marr Chase. Burrow akaangushwa mara 51, akaangushwa tisa zaidi kwenye mechi moja ya mtoano Tennessee, akashinda, na akaifikisha timu fainali. Kwenye fainali yenyewe aliangushwa mara saba wakapoteza 23–20. Kila upande wa ubishi huu huutumia mfano huo, na kila upande huona umeshinda.

Mashabiki walifanya nini zaidi ya kuzomea?

Desemba 26, dhidi ya Seattle, uwanja uliimba kwa sauti moja: uzeni timu. Waliolengwa ni familia ya McCaskey, wazao wa mwanzilishi George Halas. Sikuimba. Sikunyamazisha mtu pia.

Walirekebisha?

Safari hii ndiyo, na kwa mpangilio ambao tungeupenda mwaka mmoja kabla. Januari 2025 walimwajiri Ben Johnson, aliyekuwa akiongoza ushambuliaji wa Detroit. Machi wakabadilisha sehemu yote ya ndani ya ukuta kwa siku chache: Joe Thuney kutoka Kansas City, mwenye pete nne za ubingwa, Jonah Jackson kutoka Rams, na senta Drew Dalman kutoka Atlanta, dola milioni 42 kwa miaka mitatu. Aprili wakaongeza Ozzy Trapilo katika raundi ya pili. Msimu wa 2025 Williams aliangushwa chini ya nusu ya mara za mwaka uliotangulia. Miguu ni ileile, mkono ni uleule.

Nikiwa Afrika Mashariki, mechi naziona saa ngapi?

Mechi ya saa sita mchana hapa Chicago ni saa mbili usiku kwenu Septemba na Oktoba. Huku saa zikirudishwa nyuma mwanzoni mwa Novemba, inakuwa saa tatu usiku. Hizo ni rahisi. Za usiku ndizo mateso: saa moja na robo jioni ya Desemba hapa ni saa kumi na robo alfajiri kwenu. Ile ya Seattle ilikuwa ya saa hiyo. Binamu yangu aliweka kengele, akaamka, akachemsha chai, akakaa mpaka jua likachomoza. Matokeo yalikuwa 6–3, tumefungwa.